Kanuni za Vita vya Mezani na Ushahidi wa Historia

Katika lugha yetu, mtu akitaka kuonyesha uzito wa jambo husema, "Hili si mchezo." Usemi huo wadokeza kwamba mchezo ni kitu chepesi, cha kupitishia wakati. Hata hivyo, jamii zetu hizi hizi zimeupa mchezo heshima kubwa. Bao la Waswahili lina kanuni nyingi, hata mwanafunzi hulazimika kuketi muda mrefu kando ya mafundi kabla ya kuthubutu kunamua mbele yao. Wajuzi wa omweso wa Waganda na wa igisoro cha Wanyarwanda watasema vivyo hivyo. Katika michezo hiyo yote mchezaji hulinda, hushambulia na huteka, na kila atendalo hupimwa kwa kanuni.

Makala haya yanahusu ndugu wa mbali wa michezo hiyo, yaani mchezo wa vita wa mezani. Huu huchezwa kwa sanamu ndogo za askari, rula na dadu, juu ya meza iliyopangwa vilima, vijito na nyumba. Tutautazama hasa ule unaoigiza mapigano ya Ulaya ya mwanzoni mwa karne ya kumi na nane. Hatukusudii kumfundisha msomaji kuucheza. Tunakusudia kuuliza swali moja: mtu akitunga kanuni za mchezo wa namna hii, atazijaribuje hata ajue kwamba zinasema kweli juu ya watu waliopigana na kufa miaka mia tatu iliyopita? Twaona kwamba swali hilo ni la mwalimu wa lugha sawasawa na la mwalimu wa historia, kwani sote tunaishi kwa kanuni, na sote tumeona kanuni nzuri kitabuni ikianguka mbele ya mfano mmoja hai.

Asili ya mchezo

Michezo ya kuigiza vita ni ya kale, na sataranji ni mfano unaojulikana na wengi. Lakini mchezo wenye kudai kwamba unafuata vita halisi ulianza kupata umbo lake Ujerumani. Mwaka 1780 Johann Hellwig, mwalimu wa Brunswick, alitoa mchezo uliotokana na sataranji, wenye miraba mingi iliyotiwa rangi kuonyesha aina za ardhi. Mwaka 1812 Georg Leopold von Reisswitz wa Prussia aliiacha miraba, akautengenezea mchezo wake meza yenye vipande vya ardhi vinavyoweza kupangwa upya. Mwanawe, aliyekuwa ofisa wa mizinga, aliuendeleza, na mwaka 1824 akatoa kanuni zilizochezwa juu ya ramani, zikiwa na mwamuzi, dadu na majedwali ya kuonyesha hasara. Inasimuliwa kwamba Jenerali Müffling, mkuu wa maofisa wa makao makuu ya jeshi la Prussia, aliutazama mchezo huo mwanzoni bila shauku. Lakini ulipoendelea akakiri kwamba huo haukuwa mchezo tena, bali mafunzo ya vita. Twaona kwamba Mjerumani huyo naye alifikia usemi wetu: si mchezo.

Baada ya miaka hamsini hivi maofisa walianza kulalamika kwamba majedwali yamekuwa mengi na mchezo umekuwa mzito. Ndipo Verdy du Vernois, mwaka 1876, alipopendekeza majedwali na dadu viachwe, na mwamuzi mzoefu aamue kwa busara yake. Tangu hapo wachezaji wamegawanyika pande mbili: wapo wanaoitumaini kanuni iliyoandikwa, na wapo wanaoitumaini busara ya mtu. Mgogoro huo haujakwisha.

Kwa raia, mchezo ulifunguliwa mlango na mwandishi wa Kiingereza H. G. Wells, kwa kitabu chake *Little Wars* cha mwaka 1913. Yeye alitumia askari wa kuchezea na vimizinga vya kurusha vijiti vya mbao. Askari aliyeangushwa alihesabiwa kuwa amekufa. Jambo linalotuhusu zaidi ni kwamba Wells hakuficha njia aliyopitia. Alieleza jinsi kanuni za kwanza zilivyokuwa chache, jinsi kila mchezo ulivyofichua upungufu, na jinsi yeye na wenzake walivyoongeza kanuni ya muda wa kusogea, ya mapigano ya ana kwa ana na ya mateka. Baadaye, mwaka 1967, Peter Young na James Lawford, waliokuwa maofisa wa jeshi la Uingereza, walitoa kitabu *Charge!*, na mwaka 1971 Charles Grant akatoa *The War Game*. Vitabu hivyo viwili viliifanya karne ya kumi na nane, pamoja na safu zake zilizonyooka na makoti yake ya rangi, kuwa kipenzi cha wachezaji wengi.

Kanuni ni dai

Kabla ya kueleza majaribio, hatuna budi kutenga aina mbili za kanuni. Kanuni ya bao haidai lolote nje ya bao. Tukisema kwamba kete za nyumba zina haki yake ya pekee, hatusemi neno lolote juu ya nyumba za watu. Kanuni hiyo hupimwa kwa jambo moja tu: je, yafanya mchezo uwe mzuri?

Kanuni ya mchezo wa vita hubeba mzigo wa pili. Mtu akiandika, "Askari wa miguu waliosimama imara na singe zao hawavunjwi na wapanda farasi wanaowajia kwa mbele," ameandika sentensi ya historia. Sentensi hiyo yaweza kuwa kweli kwa mwaka 1704 na kuwa uongo kwa mwaka 1650. Katikati ya miaka hiyo silaha zilibadilika. Bunduki ya utambi, iliyohitaji moto uwe tayari mkononi, ilitoa nafasi kwa bunduki ya gumegume, inayotoa cheche kwa jiwe lake yenyewe. Singe mpya yenye tundu, inayovishwa pembeni mwa mdomo wa mtutu bila kuuziba, ilimwezesha askari mmoja kuwa mpiga bunduki na mshika mkuki kwa wakati ule ule. Hivyo mikuki mirefu iliyokuwa ikiwalinda wapiga bunduki ikaondolewa, na kufikia mwaka 1704 majeshi mengi ya magharibi ya Ulaya yalikuwa yameiacha. Waswedi waliendelea nayo, kwa sababu mtindo wao ulikuwa kuwaendea adui mbio badala ya kusimama na kubadilishana risasi.

Basi kila kanuni ni dai, na kila dai lataka shahidi. Kuzijaribu kanuni ni kuziita mbele ya baraza na kuziuliza: mmejuaje?

Meza si uwanja

Shahidi tuliyemchagua ni pigano la Blenheim, lililopiganwa tarehe 13 Agosti 1704 karibu na kijiji cha Blindheim, kando ya mto Danube, katika nchi ya Bavaria. Upande mmoja alikuwapo John Churchill, Duki wa Marlborough, pamoja na Mwanamfalme Eugene wa Savoy, wakiongoza askari wapatao 52,000 wa Uingereza, Uholanzi, Denmark na nchi za Ujerumani. Upande wa pili walikuwapo Marshali Tallard na Marshali Marsin wa Ufaransa, pamoja na Maximilian Emanuel, mtawala wa Bavaria, wakiwa na askari wapatao 56,000.

Mtungaji wa kanuni hukutana na taabu kabla hajatupa dadu hata mara moja. Sanamu moja ikiwakilisha askari 50, upande wa Marlborough peke yake utahitaji sanamu 1,040. Safu za majeshi zilienea kiasi cha kilomita sita, kutoka Danube hadi vilima vya Lutzingen. Tukizitandaza juu ya meza ya mita tatu, kila sentimita itakuwa mita 20. Bunduki ya wakati ule haikuwa na madhara makubwa kupita mita 100. Mezani umbali huo ni sentimita tano tu. Lakini sanamu yenyewe ina urefu wa sentimita tatu hivi! Kwa kipimo cha ardhi, askari huyo ana kimo cha mita 60, na bunduki yake haifiki mbali kuliko kimo chake mara mbili. Nyumba moja ya kuchezea yenye upana wa sentimita tano hufunika mita 100 za kijiji.

Wakati nao una taabu yake. Askari wa miguu walianza kushambulia kiasi cha saa saba mchana, na kijiji cha Blindheim kilisalimu amri kiasi cha saa tatu usiku. Hizo ni saa nane. Zamu moja ya mchezo ikiwa nusu saa, tutakuwa na zamu kumi na sita. Na kila zamu ikichukua dakika ishirini kuichezea, wachezaji watamaliza kwa saa tano na dakika ishirini. Hilo linawezekana kwa siku moja. Lakini askari aliyefundishwa aliweza kupiga bunduki mara mbili kwa dakika, yaani mara 60 kwa zamu, na mfuko wake haukuchukua risasi nyingi hivyo. Kwa hiyo kanuni haiwezi kuhesabu risasi moja moja. Yapaswa kuuliza swali kubwa zaidi: baada ya nusu saa ya moshi na vifo, kikosi hiki bado ni kikosi, au kimekuwa kundi la watu?

Jaribio la kwanza: kijiji

Tallard aliweka askari wengi wa miguu ndani ya Blindheim na kuzungushia kijiji ua wa magogo na vizuizi. Brigedia Rowe alikiendea pamoja na batalioni tano za Waingereza, baada ya kuamuru kwamba mtu asipige risasi mpaka yeye aguse ua kwa upanga wake. Wafaransa waliwapiga kwa karibu sana. Rowe alifika, akaugusa ua, akaanguka kwa jeraha lililomwua. Na kiasi cha theluthi moja ya watu wake walianguka pia. Shambulio lilirudishwa.

Kanuni yoyote inayomwezesha mchezaji kuliteka boma hilo kwa urahisi imekwisha kuanguka. Lakini jambo la maana lilikuja baadaye. Clérambault, aliyekuwa akiamuru kijijini, aliingiwa na hofu na kuvuta ndani askari wa akiba bila ya ruhusa ya Tallard. Hatimaye palikuwa na batalioni 27 na vikosi 12 vya dragoni walioshuka farasi, wamebanana vichochoroni hata wengi hawakuweza kuinua bunduki. Waingereza, wakiwa na askari wachache kuliko hao, waliwafungia humo humo. Na katikati ya safu ya Wafaransa zilibaki batalioni tisa tu za askari wachanga.

Hapa mtungaji ana mambo mawili ya kupima. La kwanza ni rahisi: kanuni yapasa kusema kijiji chaweza kutumia bunduki za batalioni ngapi kwa mara moja. Kanuni inayozipa batalioni 27 zilizosongamana nguvu ya batalioni 27 zilizotandazwa yasema uongo. La pili ni gumu. Mchezaji aliyesoma habari za Blenheim hatazijaza batalioni zake kijijini hata kidogo. Yeye ana elimu ambayo Clérambault hakuwa nayo, yaani elimu ya kesho yake.

Watungaji wamejaribu dawa mbili. Wengine huweka kanuni kwamba kiongozi mdogo akishambuliwa sana, dadu hutupwa kuona kama atatii au atavuta askari kwa hofu. Wengine hulificha pigano: hubadilisha majina ya vijiji, huigeuza meza, humpa mchezaji habari zile tu alizokuwa nazo jemadari asubuhi ile. Sisi twaipendelea dawa ya pili katika majaribio, kwa kuwa inajaribu kanuni na hekima ya mchezaji pamoja. Mtu akikosea bila kulazimishwa na dadu, hapo ndipo aanzapo kumwelewa aliyekosea kabla yake. Kabla ya hapo alikuwa akimcheka.

Jaribio la pili: vikosi vitano kwa vinane

Mchana ule vikosi vinane vya wapanda farasi wateule wa Ufaransa, walioitwa Gendarmerie, vilivikabili vikosi vitano vya Waingereza chini ya Palmes. Watano waliwashinda wanane. Tallard mwenyewe, alipoeleza baadaye sababu za kushindwa kwake, alilitaja jambo hilo.

Tuseme basi kanuni yetu ni hii: kila kikosi hutupa dadu moja, na tano au sita huhesabiwa pigo. Vikosi vinane vitapata, kwa wastani, mapigo 2.67, vikosi vitano vitapata 1.67. Waingereza watashindwa mara nyingi zaidi. Mtungaji mwenye haraka atasema, "Waingereza wahesabiwe pigo kuanzia nne." Sasa wastani wao ni 2.5, karibu sawa na wa wapinzani. Akiona haitoshi, atawapa kuanzia tatu. Wastani utakuwa 3.33, na matokeo yatafanana na historia. Atafurahi. Lakini amefanya nini? Amelishona vazi kwa kipimo cha mtu mmoja, kisha akaliita sare ya jeshi zima. Kesho katika pigano jingine wapanda farasi wa Uingereza watakuwa majabari wasioshindika, wala hatakuwa na neno la kueleza sababu.

Turudi kwa mashahidi. Wafaransa walisimama wakapiga bastola na karabini zao wakiwa juu ya farasi. Palmes akavituma vikosi vyake vya pembeni vizunguke na kuwapiga ubavuni, huku vya katikati vikienda moja kwa moja kwa panga. Isitoshe, Marlborough aliwazuia wapanda farasi wake wasitegemee risasi: kwa msimu mzima wa vita kila mmoja alipewa risasi tatu tu, za kulindia farasi malishoni. Basi sababu mbili zimejitokeza, nazo ni mwendo bila kusimama na shambulio la ubavuni. Kanuni ya kweli itaziongezea nguvu sababu hizo, na jeshi lolote litakalozitimiza litapata faida yake, liwe la London, la Paris au la Copenhagen.

Tumelikazia jambo hili kwa sababu lina uzito kwetu. Kanuni isemayo "taifa hili huongezewa moja kwa ushujaa wa kuzaliwa" yafanana sana na mafundisho yaliyotumiwa na maofisa wa kikoloni walipowaandikisha askari katika Afrika Mashariki, wakiyagawa makabila kuwa ya vita na yasiyo ya vita. Mafundisho hayo hayakueleza lolote juu ya mazoezi, mshahara, njaa wala uongozi. Yalitaja jina la kabila na kunyamaza. Jina si sababu. Mwanafunzi atakayejifunza kwenye meza ya mchezo kutafuta sababu nyuma ya jina atakuwa amepata kinga itakayomfaa hata nje ya mchezo.

Jaribio la tatu: kurudia

Mchezo mmoja hauthibitishi kitu, kwani dadu ina siku zake. Yapasa pigano lile lile lichezwe mara nyingi, na wachezaji wabadilishane pande, na kila mara matokeo yaandikwe. Hapo huzuka swali: tutake Marlborough ashinde mara ngapi?

Wengi hujibu kwamba kanuni njema ni ile inayomfanya ashinde kila mara, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Sisi hatukubaliani nao. Mchana ule, karibu na kijiji cha Oberglau, askari walioongozwa na Mwanamfalme wa Holstein-Beck walivunjwa, miongoni mwa waliowavunja wakiwa Waayalandi waliolitumikia jeshi la Ufaransa, na safu ya Marlborough ikawa karibu kukatwa. Ilimbidi aombe wapanda farasi kwa Eugene, ambaye naye alikuwa katika shida kubwa. Na Eugene akawatoa. Lau angekataa, au mjumbe angeuawa njiani, huenda leo tungekuwa tunaeleza ushindi wa Tallard. Kwa hiyo kanuni zinazomhakikishia Marlborough ushindi zinamnyang'anya sifa yake na kumnyang'anya Eugene ukarimu wake. Kanuni zinazoyafanya matokeo kuwa bahati tupu nazo zina kosa lake, kwani zinasema kwamba akili ya mtu haikuwa na kazi uwanjani. Kanuni tunazozitafuta ni zile zinazomruhusu kila upande ushinde, huku kila ushindi ukielezeka kwa mambo yaliyofanywa.

Shahidi wa pili, na mipaka ya kanuni

Mwalimu wa sarufi hatungi kanuni kwa sentensi moja. Vivyo hivyo kanuni zilizofaulu Blenheim yafaa zipelekwe kwenye uwanja mwingine bila kubadilishwa. Pigano la Malplaquet, la tarehe 11 Septemba 1709, ni shahidi mkali. Marlborough na Eugene waliwashambulia tena Wafaransa, safari hii wakiwa wamejichimbia katikati ya misitu chini ya Marshali Villars. Waholanzi, upande wa kushoto, waliuawa kwa maelfu mbele ya boma na mizinga. Villars alijeruhiwa, Boufflers akashika amri, na Wafaransa wakaondoka kwa utaratibu. Washambuliaji waliuteka uwanja, lakini walipoteza watu zaidi ya 20,000. Walioshindwa walipoteza kama nusu yao. Huko Blenheim hali ilikuwa kinyume: washindi walipoteza zaidi ya 12,000, na walioshindwa, pamoja na mateka, wakadiriwa kuwa zaidi ya 30,000.

Kanuni nyingi huanguka hapa, kwa kuwa watungaji wake hudhani kwamba aliyeshindwa ndiye aliyekufa zaidi. Malplaquet yatufundisha kwamba hasara kubwa ya Blenheim ilitokana na kuzingirwa na kukimbia, kwani risasi peke yake haikuua wengi hivyo. Kanuni isiyotenganisha kuondoka kwa utaratibu na kukimbia kwa fujo haitayaeleza mapigano yote mawili.

Wala tusidhani kwamba kanuni zilizofaulu mara mbili zitafaulu popote. Katika miaka hiyo hiyo, kwenye pwani yetu, Waomani waliizingira Ngome ya Yesu huko Mombasa kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Bunduki zilikuwapo, mizinga ilikuwapo, mashujaa walikuwapo. Lakini kilichoamua pale kilikuwa maradhi, upungufu wa chakula na merikebu zilizofika au zilizochelewa. Zamu za nusu nusu saa na safu zilizonyooka haziwezi kusema lolote juu ya miezi thelathini na mitatu ya namna ile. Atakayetaka kuuigiza mzingiro huo sharti aanze upya: ahesabu magunia, majuma na wagonjwa.

Lugha ya kanuni

Limebaki jambo linalotugusa sisi moja kwa moja. Kanuni yaweza kuwa na historia safi na bado ikashindwa, kwa sababu ya maneno yake. Tuitazame hii:

"Wapanda farasi wakiwafikia askari wa miguu wakiwa wametawanyika, watarudi nyuma."

Nani wametawanyika, wapanda farasi au askari wa miguu? Na watakaorudi nyuma ni akina nani? Ngeli ni moja, kiambishi ni kile kile *wa-*, na sarufi haitupi msaada. Wachezaji wawili watapata kanuni mbili, na kila mmoja ataona ile inayomfaa. Tuiandike upya: "Kikosi cha wapanda farasi kikiwafikia askari wa miguu waliotawanyika, askari hao watarudi nyuma." Sasa *ki-* na *wa-* zimegawana kazi, na ugomvi umekwisha.

Mfano wa pili ni neno "karibu." Kanuni isemayo "kikosi kilicho karibu na adui kitapiga" ina mashimo mawili. Karibu ni sentimita ngapi? Na "kitapiga" ni amri au ni ruhusa? Palipo na lazima, iandikwe "sharti kipige", palipo na hiari, iandikwe "chaweza kupiga." Brigedia Rowe aliwaongoza watu waliokuwa karibu na wasiopiga, na tofauti ya sharti na hiari ndiyo iliyowafikisha kwenye ua.

Ndiyo maana wajaribuji wazoefu hushauri kwamba mtungaji asiwepo kanuni zake zinapojaribiwa, au akiwapo anyamaze. Awape wageni karatasi, awatazame, na aandike kila mahali waliposita. Akianza kueleza, "Nilikusudia kusema...," jaribio limekwisha haribika, kwa sababu karatasi haitakuwa na mdomo wa kujieleza itakapofika mbali. Walimu wenzetu waweza kulifanya zoezi hili darasani bila sanamu hata moja: kundi moja litunge kanuni za mchezo mdogo wa kunde na mahindi, kundi jingine lizicheze bila msaada, na watungaji wakae kimya. Kwa kipindi kimoja wanafunzi wataona nguvu ya kiambishi kuliko watakavyoiona katika orodha ndefu ya ngeli.

Tamati

Tumeona kwamba kanuni ya mchezo wa vita ni dai juu ya watu waliokuwako. Kwamba hupimwa kwa kutafuta sababu badala ya jina. Kwamba hurudiwa mara nyingi, hupelekwa kwa shahidi wa pili, na huwekewa mpaka. Na kwamba hata ikiwa kweli, huhitaji sentensi isiyo na njia mbili.

Wapo watakaouliza kama yafaa kuvichezea vita kabisa. Swali hilo ni la haki, hasa katika nchi zetu zilizoonja vita kwa uchungu. Wells mwenyewe aliona kwamba mtu akiishajaribu vita vidogo vya sakafuni na kuona jinsi mambo yanavyovurugika, atatambua jinsi vita vikubwa vilivyo vya upumbavu. Mwaka uliofuata kitabu chake, Ulaya iliingia vitani. Sisi twasema hivi: sanamu moja ikiwakilisha askari hamsini, basi mchezaji anayeiondoa mezani na kuitia sandukuni amewaondoa wakulima, mafundi na vijana hamsini. Theluthi ya watu wa Rowe hawakurudishwa sandukuni jioni ile. Kanuni iliyotungwa kwa uvivu huwaua mara ya pili, kwa kuwa yasema walikufa kwa sababu ambayo si kweli. Kuijaribu kanuni kwa uaminifu, na kuifuta inaposhindwa hata kama imetuchosha kuitunga, ni heshima tunayoweza kuwapa kutoka mbali hivi.